Sura ya Sita: Mchanga wa Paka, Dania na Kachumbari

Kwenye ploti za Embulbul, Kitengela na Ongata Rongai, katika kaunti ya Kajiado, ambako nyumba nyingi zina kijishamba cha mboga nyuma ya jikoni, kuna swali lisilokwisha kuulizwa: maranda au mchanga ambao paka amejisaidia humo, je, unaweza kutiwa kwenye mboji, au ni wa kutupwa tu? Anayeuliza ana hoja. Mbolea ya dukani ni ghali, gari la taka huja likitaka, na maranda yenyewe yametoka kwa fundi wa mbao yakiwa safi na yenye kufaa. Inakera kutupa kila siku kitu kinachooza, kisha msimu wa mvua ukifika kununua gunia la samadi kutoka kwa mfugaji. Wenye mbwa wa ulinzi huuliza jambo hilohilo kuhusu kinyesi wanachokizoa uani kila asubuhi, na wenye sungura na kuku huuliza kuhusu matandiko ya vizimba.

Jibu la sura hii ni kwamba takataka zote hizo huoza na kuwa mboji, yaani ule udongo mweusi, mwepesi, unaopatikana vitu vilivyokuwa hai vinapovunjwavunjwa na wadudu, kuvu na bakteria. Kuoza si tatizo. Kinachopaswa kuamuliwa mapema, kabla koleo halijashikwa, ni mahali mboji hiyo itakapoishia. Mboji iliyotokana na kinyesi cha mnyama anayekula nyama isikaribie kabisa chakula kinachogusana na udongo, hata ikionekana imeiva na kunukia vizuri namna gani. Ipewe lundo lake, vifaa vyake, na mimea yake isiyoliwa. Kurasa zinazofuata zinaeleza kwa nini, na namna ya kuifanya kazi hiyo kwenye ploti ya kawaida.

Anza na kile mnyama anachokula

Mkulima wa Kajiado hahitaji kufundishwa thamani ya samadi. Kinyesi cha ng'ombe, mbuzi na kondoo kimelisha mashamba kwa vizazi, na siku hizi wafugaji wa sungura hukinga hata mkojo wa sungura na kuuchanganya na maji ili kunyunyizia mboga. Wanyama hao wanakula majani. Kinyesi chao ni nyasi iliyosagwa, na minyoo mingi inayoishi matumboni mwao haina makao ndani ya mwili wa binadamu. Haimaanishi kwamba ni safi kabisa, kwa sababu bakteria wa kuharisha wanaweza kuwamo, na samadi mbichi ya kuku huunguza mizizi kwa wingi wa naitrojeni. Ndiyo maana kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka samadi mbichi iwekwe shambani siku 120 kabla ya kuvuna zao linalogusana na udongo, na siku 90 kwa zao lisilogusana nao. Matandiko ya sungura na kuku yakilundikwa, yakapinduliwa na kukaa miezi kadhaa, ni mbolea nzuri ya sukuma, managu na spinachi.

Paka na mbwa ni kundi jingine. Wanakula nyama, na nyama ndiyo njia ambayo vimelea kadhaa hutumia kuhama kutoka mnyama hadi mnyama. Kimelea ni kiumbe kinachoishi ndani ya kiumbe kingine na kujilisha humo. Paka anakamata panya, mbwa anatupiwa mapafu na maini yaliyokataliwa buchani, na kilichokuwamo ndani ya nyama hiyo kinakomaa tumboni mwake na kutoka kwa njia ya kinyesi kikiwa mayai yasiyoonekana kwa macho. Mayai hayo yameumbwa kwa ajili ya kungoja udongoni. Hapo ndipo tofauti ya samadi ya ng'ombe na mchanga wa paka ilipo, wala haihusiani na harufu.

Vimelea vitatu vya kuwajua kwa majina

Wa kwanza ni toksoplazma. Aligunduliwa mwaka 1908 mjini Tunis na Charles Nicolle na Louis Manceaux, ndani ya mnyama mdogo wa jangwani afananaye na panya, lakini ilibidi ipite miaka 60 hivi ndipo wanasayansi wabaini kwamba paka ndiye anayetoa mbegu zake kwa kinyesi. Kwa kawaida paka huzitoa kwa wiki moja hadi tatu tu baada ya kuambukizwa mara ya kwanza, mara nyingi akiwa bado mdogo na ameanza kuwinda. Katika wiki hizo hutoa mamilioni. Mbegu zikitoka hazina nguvu ya kuambukiza mpaka zipite siku moja hadi tano, na baada ya hapo zinaweza kuishi kwenye udongo wenye unyevu mwaka mmoja na zaidi. Klorini ya kufulia haiziui. Watu wengi wakiambukizwa hawasikii lolote, au huhisi homa kidogo wakadhani ni mafua. Lakini mama anayeambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito anaweza kumwambukiza mtoto aliye tumboni, akadhurika macho au ubongo, na mtu ambaye kinga yake imeshuka kwa sababu ya virusi vya Ukimwi anaweza kupata uvimbe kwenye ubongo.

Wa pili ni minyoo ya mviringo ya mbwa na paka, iitwayo toksokara. Mayai yake yana ganda gumu na yanaweza kudumu udongoni kwa miaka. Mtoto anayecheza kwenye mchanga kisha akatia vidole mdomoni anaweza kuyameza, na viluwiluwi vyake vikizunguka mwilini vinaweza kufika kwenye ini, mapafu au hata jicho. Mtoto wa mbwa huweza kuzaliwa nayo tayari, na mtoto wa paka huipata kwa maziwa ya mama yake. Kwa hiyo mnyama ambaye hajawahi kuvuka lango la ploti bado anaweza kuwa nayo.

Wa tatu anawahusu zaidi watu wa Kajiado. Ni tegu mdogo wa mbwa anayesababisha ugonjwa wa hidatidi, ambao ni vifuko vya maji vinavyokua polepole, kwa miaka, ndani ya ini au mapafu ya binadamu, na mara nyingi huhitaji upasuaji. Turkana imejulikana duniani kwa wingi wa ugonjwa huu, na shirika la Amref liliendesha huko mpango wa kuudhibiti tangu miaka ya 1980. Umaasaini nako upo. Mzunguko wake ni mwepesi kuuelewa: kondoo au mbuzi anakula nyasi zenye mayai, vifuko vinaota kwenye maini na mapafu yake, anachinjwa, mbwa anapewa viungo hivyo vibichi, tegu wanakomaa tumboni mwa mbwa, mayai yanarudi kwenye nyasi. Binadamu haupati kwa kula nyama ya kondoo huyo. Anaupata kwa kumeza mayai yaliyotoka kwa mbwa, kupitia mikono, maji au mboga mbichi. Katika kaunti ambako mifugo, vichinjio na mbwa wa ulinzi vinaishi jirani, kutia kinyesi cha mbwa kwenye tuta la dania ni kuufungulia mzunguko huo mlango wa jikoni.

*Kwa kifupi: hatari si uchafu unaoonekana. Ni mayai na mbegu zinazobaki hai muda mrefu baada ya kinyesi chenyewe kuoza na kutoweka.*

Joto linaloua, na sababu ya kutolifikia nyumbani

Hapa hutokea pingamizi la kwanza lenye uzito. Mboji hupata moto, na moto huua vimelea. Kwa nini basi tusiiache ipate moto, halafu tuitumie popote? Hoja hiyo ni ya kweli kwa nusu yake ya kwanza. Bakteria wanapokula vitu vinavyooza hutoa joto, na katikati ya lundo zuri kunaweza kufika nyuzi 60 za selsiasi. Mbegu za toksoplazma hufa kwa dakika chache zikifikishwa nyuzi 55 hadi 60. Kanuni za Marekani za kutibu tope la majitaka hukubali mboji iliyokaa nyuzi 55 kwa siku 3 ndani ya chombo kilichofungwa, au siku 15 kwenye tuta la wazi lililopinduliwa mara 5. Hapa kwetu, Sanergy, iliyoanzia mitaa ya Mukuru jijini Nairobi, imekusanya kinyesi cha binadamu kutoka vyoo vya Fresh Life na kukigeuza kuwa mbolea ya mashamba. Kwa hiyo inawezekana.

Inawezekana kwa nani? Kwa kiwanda chenye tani za malighafi, vipimajoto na wafanyakazi wa kupindua. Lundo la nyumbani huanza kushika joto likifika kama mita moja kwenda juu, mita moja kwa upana na mita moja kwa urefu, na liwe limejazwa kwa mara moja au kwa siku chache. Paka mmoja au wawili hutoa maranda kidogo kidogo, kijikoleo kwa kijikoleo, na kila kijikoleo kinapoa kabla cha pili hakijaja. Embulbul iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Julai kule hazisaidii lundo dogo kubaki na joto. Hata lundo kubwa lina ngozi ya nje iliyo baridi, pembe zilizokauka na mabonge ambayo hewa haikuyapitia. Mayai yaliyokuwa kwenye ngozi hiyo hayakuhisi chochote. Tusipopindua kwa utaratibu na kupima kila sehemu, tunachokuwa nacho ni lundo lililopata moto katikati, na matumaini pembeni.

Ushahidi mzuri wa jambo hili unatoka mbali, Alaska, ambako wafugaji wa mbwa wa kukokota sleji wana kinyesi kingi kiasi cha kutosha kujaza malundo makubwa. Mjini Fairbanks, tangu miaka ya 1990, walifundishwa kuchanganya sehemu mbili za kinyesi na sehemu moja ya unga wa mbao, kulowesha, kupindua na kupima kwa kipimajoto, na malundo yao yakafika nyuzi 60. Walipata mboji nzuri. Hata hivyo mwongozo uliotolewa na idara ya kilimo ya Marekani mwaka 2005 kutokana na kazi hiyo uliwaambia waitumie kwenye maua, nyasi na miti, wala si kwenye mazao ya kuliwa. Ikiwa wenye vipimajoto na makumi ya mbwa waliwekewa mpaka huo, mwenye paka mmoja hana sababu ya kuuvuka.

Mapingamizi mengine

"Paka wa jirani hujisaidia kwenye mboga zetu kila siku, na hakuna aliyekufa." Ni kweli kwamba hujisaidia. Lakini ugonjwa usio na dalili hauhesabiwi na anayeutazama kwa macho, na mama aliyepoteza mimba hataambiwa na mtu kwamba chanzo kilikuwa tuta la karoti. Zaidi ya hapo, kinyesi kimoja cha paka mpita njia si sawa na mzigo wa mwaka mzima uliochanganywa kwa makusudi kwenye tuta moja. Paka mgeni ni sababu ya kuosha mboga kwa maji mengi na kunawa mikono, na pengine kufunika tuta kwa matawi ya miiba. Si sababu ya kumsaidia kazi.

"Sukuma hupikwa, na moto wa jikoni huua kila kitu." Sukuma iliyoiva kweli sufuriani si tatizo. Tatizo liko kabla ya sufuria: kwenye mikono iliyong'oa magugu, ubao wa kukatia, na kisu kilichotoka kwenye sukuma kikaingia kwenye nyanya. Halafu kuna dania, vitunguu, karoti na nyanya zinazoingia kwenye kachumbari zikiwa mbichi. Kwenye bustani ndogo hakuna anayetenga tuta la vinavyopikwa na tuta la visivyopikwa kwa miaka. Msimu huu ni sukuma, msimu ujao ni dania palepale.

"Paka wangu hatoki nje, na amepewa dawa ya minyoo." Huyu amepunguza hatari kwa kiasi kikubwa, na anastahili kuigwa. Paka asiyewinda na anayelishwa chakula kilichopikwa ana nafasi ndogo ya kupata toksoplazma. Lakini dawa ya minyoo haimgusi kimelea huyo, ambaye si mnyoo, na paka wa ndani hutoroka, panya huingia, na kipande cha matumbo mabichi huanguka sakafuni. Mpango mzuri ni ule unaobaki salama hata siku mtu aliposahau.

"Nitamwagia majivu." Majivu ya jiko hukausha na kupunguza harufu na nzi, na yana kazi yake. Hayatoshi kuua mayai yenye ganda gumu, hasa yakimwagwa juu juu.

Lundo la pili: namna ya kulitengeneza

Likishakubalika wazo la kutenga, kazi yenyewe ni nyepesi. Kwanza tazama matandiko. Maranda, unga wa mbao, makapi ya mpunga na karatasi zilizochanwa huoza. Mchanga wa kawaida hauozi, lakini hauleti madhara kwa udongo. Ule unaouzwa supamaketi, unaoganda mabonge ukilowa, ni udongo wa mfinyanzi uitwao bentonaiti. Hauozi, na hujaa maji na kuvimba. Udongo mweusi wa Kitengela unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi una mfinyanzi wa aina hiyohiyo, kwa hiyo kuutia huko ni kuongeza kilichozidi tayari. Mwenye kutaka mboji na abadilishe matandiko, atumie maranda. Ayachague ya mbao ambazo hazikupakwa rangi wala dawa ya mchwa.

Pili ni mahali. Lundo likae mbali na kisima, kwa uchache mita 30, umbali uleule unaoshauriwa kwa choo cha shimo. Mvua hubeba vimelea: mwaka 1995 katika mji wa Victoria nchini Kanada, mlipuko wa toksoplazma uliowapata watu 100 waliothibitishwa ulihusishwa na bwawa la maji ya kunywa lililochafuliwa na kinyesi cha jamii ya paka. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina mita 34 tu kutoka kona hadi kona, kwa hiyo mwenye kisima ndani ya ploti ya namna hiyo asitengeneze lundo hili kabisa. Kitengela usichimbe shimo, maana udongo mweusi hushika maji na shimo litageuka kidimbwi. Jenga juu ya ardhi, kwenye mawe au mbao. Kwenye udongo mwekundu wa upande wa Embulbul, ambao hupitisha maji kwa urahisi zaidi, ni afadhali pia kukaa juu ya ardhi na kufunika kwa bati.

Kisha fuata utaratibu huu:

1. Zoa trei ya paka kila siku, kabla mbegu za toksoplazma hazijapata nguvu. Vaa glavu, nawa kwa sabuni. Mama mjamzito amwachie mtu mwingine kazi hii.
2. Tia kwenye pipa au kizimba chenye mfuniko, ambacho mbwa, kuku na watoto hawafiki.
3. Funika kila safari kwa majani makavu, maranda safi au nyasi zilizokatwa. Maranda peke yake huoza polepole sana, kwa hiyo changanya majani mabichi kidogo.
4. Hakikisha unyevu: kilichomo ukikifinya kwa glavu kiwe kama kitambaa kilichokamuliwa, bila kutiririka.
5. Pipa likijaa, lifunge, uandike tarehe, na uanze la pili. La kwanza likae miaka miwili bila kuongezwa chochote.
6. Koleo na ndoo za kazi hii zisitumike kwenye bustani ya mboga.

Miaka miwili ni mirefu kuliko muda ambao mbegu nyingi za toksoplazma huweza kuishi, ila toksokara inaweza kuvumilia zaidi. Ndiyo sababu muda haubadilishi mwisho wa safari. Mboji hii iende kwenye uzio wa kayaba, bogenvilia, mgrevilea, mjakaranda na maua ya mbele ya nyumba, ifukiwe chini kidogo na kufunikwa kwa majani. Isiende kwenye mboga, viazi, stroberi, malisho ya mbuzi, wala nyasi ambazo watoto huchezea.

Asiye na nafasi

Wapangaji wengi wa Embulbul hawana hata tuta moja, na kwao lundo la pili ni ndoto. Penye choo cha shimo, kinyesi cha paka na mbwa kinaweza kuzikwa humo pamoja na cha binadamu. Hapo kimefika mahali panapotunzwa kwa hatari hiyohiyo. Penye tangi la majitaka, usimwage matandiko, kwa sababu maranda na bentonaiti huziba mabomba. Kinachobaki ni pipa la taka. Sheria ya Kenya ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza, na mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017. Funga kinyesi kwa gazeti tabaka kadhaa, kikae peke yake, na mwambie anayezoa ni nini kilichomo. Taka za Embulbul hupekuliwa kwa mikono na watu wanaotafuta riziki, na mikono yao inastahili kulindwa kama ya watoto wa nyumbani.

Namna nyepesi zaidi ya kupunguza mzigo wote huu huanza kabla ya trei. Mbwa asipewe maini na mapafu mabichi, apewe yaliyochemshwa. Apewe dawa ya minyoo na tegu kwa ratiba ya daktari wa mifugo. Paka ashibishwe nyumbani ili asitegemee panya.

Muhtasari wa sura

- Matandiko ya sungura na kuku, yakishaoza, ni ya bustani ya mboga.
- Matandiko ya paka na kinyesi cha mbwa huoza pia, lakini kwa lundo la peke yake, miaka miwili, kisha kwa mimea isiyoliwa.
- Joto la lundo la nyumbani halifiki kila mahali. Usilitegemee kama kinga.
- Mchanga wa paka unaoganda hauozi. Tumia maranda.
- Kisima kikiwa karibu, usitengeneze lundo hili.
- Anayetaka mbolea ya dania na anunue samadi ya mbuzi au afuge sungura wawili. Ni rahisi kuliko kutibu ini.